Soketi Iliyo Kimya Isiaminiwe

Kila nyumba yenye umeme, iwe ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja au ya matofali ya kuchoma huko Dongobesh, hufikiwa na siku ambayo plagi huchomekwa na chombo kikakaa kimya. Redio haisemi, pasi haipati moto, simu haichaji. Mwenye nyumba huitazama soketi, akaitikisa plagi, akaugonga ukuta kwa kiganja, kisha akauliza: "Hivi hii ina umeme au haina?" Swali hilo ni dogo kwa masikio, lakini sisi tunaona linastahili nafasi katika safu hii, kwa kuwa jibu lake likitolewa kwa haraka huweza kuondoa roho ya mtu.

Tunasema hivyo kwa sababu swali hilo moja kwa hakika ni maswali mawili. La kwanza ni hili: je, soketi inafanya kazi? La pili ni hili: je, soketi ni salama kuguswa? Wengi wetu tukishapata jibu la kwanza hudhani tumekwisha pata na la pili. Chombo kikikataa kuwaka, tunasema soketi imekufa, na kitu kilichokufa hakiumi. Hapo ndipo penye kosa. Soketi inaweza ikashindwa kuwasha hata taa ndogo, na papo hapo ikawa na nguvu ya kumwua mtu mzima. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hatujui mahali ambapo usemi huo unatimia kuliko katika tundu la soketi.

Tumeuchagua mfano wetu kutoka mbali kidogo na pwani, katika wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara. Msomaji wa visiwani huenda akauliza, yanatuhusu nini ya nyanda za juu za Mbulu na tambarare za Basotu? Jibu letu ni kwamba umeme wao na umeme wetu ni mmoja. Njia kuu ya kilovolti 220 itokayo Singida kwenda Arusha hupita Babati, makao makuu ya mkoa huo, na njia hiyo ni sehemu ya Gridi ya Taifa. Gridi hiyo hiyo ndiyo iliyoletwa Unguja mwaka 1980 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwaka 2010 ikaletwa Pemba kutoka upande wa Tanga. Soketi za Katesh na soketi za Chake Chake ni za aina moja, yaani zile za matundu matatu zilizowekewa kanuni Uingereza mwaka 1947. Nguvu inayosubiri ndani yake ni ile ile ya volti 230. Hatari ni moja, na elimu iwe moja.

Huko Mbulu na Hanang jambo hili lina uzito wa pekee kwa kuwa umeme ni mgeni katika vijiji vingi. Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimepanda vilima ambavyo zamani vilijua mwanga wa koroboi tu. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000 ili mkulima na mfugaji nao wasikose. Kwa wale wenye vyumba vichache, wasioweza gharama za kutandaza nyaya nyumba nzima, kililetwa kifaa kiitwacho UMETA, maana yake Umeme Tayari. Huo ni ubao mdogo wenye swichi, soketi na mahali pa kuwekea taa. Hizi ni hatua za kupongezwa, wala hatuna nia ya kuzidogosha.

Lakini mgeni huyu aliyekaribishwa ndani ana tabia ambazo wenyeji hawajazizoea. Nyumba nyingi za huko zilitangulia kuujua umeme wa jua. Paneli ndogo juu ya bati na betri ya volti 12 chini ya meza viliwazoesha watu kushika waya kwa vidole, kuungaunga kwa meno, na kujaribu kwa kugusanisha ncha mbili ili waone cheche. Kwa volti 12 mtu huyafanya hayo, akacheka, akaenda zake. Akiyafanya kwa volti 230 huenda asipate nafasi ya kucheka tena. Umeme wa gridi hautoi harufu wala mlio, na waya wenye nguvu na waya usio na nguvu hufanana kama mapacha.

Hebu tuitazame soketi yenyewe. Tundu la juu, lililo kubwa kuliko mengine, ni la ardhi. Matundu mawili ya chini ni ya kuletea umeme na kuurudisha: mmoja ni waya wa moto, mwingine mafundi huuita nyutro. Ndani ya matundu hayo ya chini mna vifuniko vidogo ambavyo hufunguka pale tu mguu mrefu wa plagi unapoingia katika tundu la ardhi. Vifuniko hivyo viliwekwa kwa ajili ya mtoto, ili msumari, kijiti au kijiko chake kisiufikie umeme. Hii ndiyo maana soketi hizi huitwa za usalama. Sisi nasi tumefanyaje? Tumenunua chaja za miguu miwili, na ili ziingie tunachomeka kalamu au kijiti cha kiberiti katika tundu la ardhi, vifuniko vikafunguka. Kwa kitendo hicho cha nukta moja tumeliondoa komeo alilowekewa mtoto, tena mbele ya macho yake, naye ni mwanafunzi mwepesi. Kitu cha kufaa hapo ni adapta yenye miguu mitatu.

Sasa turudi kwenye yale maswali mawili. La kwanza, kama soketi inafanya kazi, kila mwenye nyumba anaweza kulijibu bila kufungua kitu na bila kumwita fundi. Aanze nje kuja ndani. Atazame kama kwa jirani kuna umeme. Ikiwa mtaa wote umezimika, soketi haina lawama. Kisha atazame mita: huenda uniti za LUKU zimekwisha, au kwa wenzetu wa visiwani zile za TUKUZA. Kisha atazame swichi ya soketi yenyewe, maana mara nyingi imezimwa na mkono wa mtoto au ufagio wa asubuhi. Baada ya hapo aende kwenye boksi la swichi kuu aone kama kuna swichi iliyoanguka. Akiikuta, aiinue mara moja tu. Ikianguka tena, asiilazimishe wala asiifunge kwa kamba, kwani swichi hiyo inamwambia kwamba kuna kasoro mahali. Mwisho achukue taa ya mezani anayoijua kuwa ni nzima, akaijaribu kwanza katika soketi inayofanya kazi, akailete kwenye ile anayoitilia shaka, kisha akairudishe kule ilikotoka kuhakikisha kwamba balbu haikuungua njiani. Taa ikiwaka kule na isiwake huku, amepata jibu: soketi hii haifanyi kazi.

Hapo kazi ya mwenye nyumba imekwisha. Tunalitilia mkazo neno hilo, kwa kuwa ndipo wengi wanapochukua bisibisi.

Kwa nini taa isiyowaka haituhakikishii usalama? Kwa sababu taa huhitaji njia mbili, ya kuja na ya kurudi. Ikiwa nyutro imekatika nyuma ya ukuta, umeme umekuja hadi mlangoni lakini hauna pa kurudi, na taa haiwaki. Mtu akiugusa waya wa moto huku miguu yake iko chini, yeye mwenyewe anakuwa ile njia ya kurudi iliyokosekana. Soketi iliyoshindwa kuwasha balbu humpiga mtu bila taabu yoyote.

Watu wengine husema, sisi tuna testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Chombo hiki kina faida zake, lakini kimepewa imani kupita kiasi. Testa huwaka kwa kupitisha umeme kidogo mno katika mwili wa anayeishika, ukaenda ardhini. Mtu akiwa amesimama juu ya kigoda kikavu au amevaa viatu vya mpira mzito, kitaa kinaweza kuwaka kwa unyonge hata kisionekane. Jua la mchana likiingia dirishani, mwanga wake humezwa. Na kitaa kikiwa kimeharibika, testa itatoa jibu lile lile la "hakuna" kwa waya uliokufa na kwa waya ulio hai. Kwa hiyo testa ikiwaka, iaminiwe. Isipowaka, isichukuliwe kuwa imesema neno lolote. Fundi wa kweli hutumia kipimo cha ncha mbili, naye hupima mara tatu: kwanza mahali anapojua pana umeme, ili ajue kipimo chake ni kizima, pili pale anapotaka kufanya kazi, tatu pale pa kwanza tena. Utaratibu huo hauchukui hata dakika mbili.

Lipo jambo jingine ambalo nyumba zetu za siku hizi zimelileta, nalo halizungumzwi inavyostahili. Katika nyumba ya mita ya kulipa kabla, hatari kubwa huja pale uniti zinapokwisha. Tuchukue mfano wa nyumba yoyote, Mbulu mjini au Mwanakwerekwe. Uniti zimekwisha, nyumba iko gizani. Baba anasema, hii ndiyo nafasi ya kuitengeneza ile soketi mbovu, maana umeme haupo. Anafungua skrubu, anazitoa nyaya. Wakati huo huo mama yuko dukani ananunua umeme, au mtoto wa chuo aliye mbali amewanunulia kwa simu na kuwatumia zile tarakimu 20. Mdogo wa nyumba, kwa furaha ya kutaka kuona televisheni, anakwenda kwenye mita na kuziingiza moja baada ya moja. Baba hakuzima swichi kuu, kwa kuwa aliona haina haja. Tarakimu ya mwisho ikishabonyezwa, umeme unarudi mikononi mwake. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo, na kila mmoja alitenda wema kwa nyumba yake. Kwa ajili hiyo tunasema: kukosekana kwa umeme si sawa na kuzimwa kwa umeme. Uliokosekana hurudi wakati wake wenyewe. Uliozimwa hurudi kwa mkono wa aliyeuzima, ikiwa amewaambia walio nyumbani wasiguse swichi.

Wakaazi wa Unguja wanalielewa hili kwa mateso. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa muda wa karibu mwezi mzima; kisha tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi kwa miezi mitatu. Jenereta zilinguruma kila kichochoro. Na popote jenereta zinapotumika hujitokeza ile desturi mbaya ya kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja ukachomekwa kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Anayefanya hivyo bila kuzima swichi kuu huurudisha umeme wake kwenye nguzo. Ukifika kwenye transfoma, volti 230 hupandishwa hadi 11,000 au 33,000, na fundi wa shirika aliyeko juu ya nguzo, aliyeambiwa kwamba njia haina umeme, hukutana nao. Na plagi ile ikichomoka ukutani huku jenereta inafanya kazi, miguu yake iliyo wazi ina umeme mtupu. Nyumba yenye jenereta iwekewe swichi ya kubadilishia, ili gridi na jenereta visikutane kamwe.

Tena lipo somo la Hanang lenyewe. Tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Majumba yaliyosalia yalijaa tope, na wenyewe wakaanza kulizoa kwa majembe na mikono. Taifa liliomboleza, na misaada ikatoka kila upande. Sisi tunakumbusha jambo moja tu katika mengi. Nyumba iliyoingiwa na tope au mafuriko, soketi zake zilizo karibu na sakafu zimekunywa tope hilo. Hata likikauka kwa nje, ndani hubaki chumvi na unyevu vinavyoweza kuusafirisha umeme kutoka kwenye waya hadi kwenye ukuta. Ukuta ukawa na umeme, na anayeuegemea asijue. Nyumba ya namna hiyo haifai kurudishiwa umeme kwa sababu tu wenyewe wamerudi. Ipimwe kwanza, soketi zilizolowa zitolewe na kuwekwa mpya. Mafuriko si ya Hanang peke yake. Mvua za masika huingia majumbani hata visiwani.

Hapa tunawageukia viongozi na watumishi wa Serikali. Kuupeleka umeme kijijini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfundisha anayepelekewa namna ya kuishi nao. Yapo mambo matatu ambayo tunadhani yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila nyumba inayounganishiwa umeme ipewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye picha, ya kubandikwa karibu na mita. Iseme namna ya kujua kama soketi inafanya kazi, mahali pa kuishia, na lini aitwe fundi. Na kwa kuwa karatasi haisomeki na wote, mkutano wa kijiji upewe saa moja ya maonyesho, na mbele ya Wairaqw na Wadatoga wazee maelezo yatolewe kwa lugha wanayoielewa vizuri.

Pili, tusiridhike na fyuzi peke yake. Wananchi wengi wanaamini kwamba fyuzi ya plagi inawalinda. Fyuzi ya ampia 13 huulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Ile swichi ikatayo umeme unapovuja, yenye kitufe kidogo chenye herufi T, huwekwa kwa kawaida ikate mvujo unapofika sehemu 30 za elfu za ampia moja. Fyuzi ile huruhusu zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kukatika. Swichi ya namna hii isihesabiwe kuwa anasa ya majumba makubwa. Iwe sehemu ya kila ubao, hata ule mdogo wa nyumba ya vyumba viwili. Na wenye nayo wabonyeze kile kitufe walau mara moja kila miezi sita: isipokata, imekwisha kazi. Waya wa ardhi nao usisahauliwe, hasa katika ardhi kavu ya tambarare za Hanang, ambako ile fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini haifanyi kazi sawasawa kama katika udongo wenye unyevu.

Tatu, fundi ajulikane. Kwa upande wa Bara, kazi ya kutandaza nyaya ni ya fundi mwenye leseni itolewayo na EWURA. Lakini mwananchi wa kijiji cha mbali atamjuaje, na atampata wapi? Majina ya mafundi hao yabandikwe katika ofisi ya kata, karibu na matangazo ya mbolea na chanjo. Asiyeonyeshwa fundi wa halali atamwita yeyote mwenye bisibisi, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa wananchi wenzetu tunalo neno la mwisho. Ikitokea mtu amenaswa na umeme, asivutwe kwa mkono. Swichi kuu izimwe kwanza. Ikiwa iko mbali, asukumwe kwa mti mkavu, na anayemsukuma asimame mahali pakavu. Kisha akimbizwe hospitali, hata kama anasema hajambo. Kwa mkaazi wa bonde lililo mbali na Haydom au Katesh, sawa na mkaazi wa kisiwa kidogo anayengoja mashua, hospitali ni safari, na moyo uliosimama hausubiri safari. Dawa ya kweli ni ile itangulizwayo: tahadhari kabla ya athari.

Umeme tumeutafuta kwa miaka mingi, tukaudai kwa haki, na sasa unaingia hata katika nyumba za udongo. Hatutaki uogopwe, kwa kuwa anayeuogopa hataufaidi. Tunataka uheshimiwe. Na heshima hiyo inaanzia mahali padogo sana: kwa yule baba anayesimama mbele ya soketi iliyonyamaza, bisibisi mkononi, akajizuia, akairudisha kwenye kabati, akaenda kwanza kuzima swichi kuu, kisha akamtuma mtoto amwite fundi.